Mjane wa Misheni Pale Ibra

Sista alikuwa hajui kukataa kahawa. Kwetu Ibra, bara ya Maskati, ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo, anayemimina anaelewa, mambo yamekwisha. Yeye hatikisi. Anakirudisha kikombe kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote, kinajazwa. Anakunywa, anakirudisha, kinajazwa tena. Katika nyumba ya kwanza niliyompeleka alikunywa vikombe kumi na kimoja, na mwenye nyumba, mwanamke wa Kiarabu asiyejua neno la Kiswahili, akawa ananitazama mimi kwa macho ya kuomba msaada, maana kahawa ya dele ilikuwa inakwisha. Tulipotoka nikamweleza namna ya kufanya. Nyumba ya pili akanywa tisa. Nikamuuliza, si nimekwambia utikise?

"Nilikuwa nangoja yule mama aniambie basi," akajibu.

Tulimwita Sista kwa kazi yake ya uuguzi na ukunga. Wengi walidhani ni mtawa, na yeye hakujishughulisha kuwasahihisha. Alisema inamwokolea maneno. Alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya kiume, aliyekulia bara ya Afrika katika milima ya misheni, na Kiswahili alikijua kabla hajakijua Kizungu cha mama yake. Hicho ndicho kilichotukutanisha. Zahanati ilikuwa imefunguliwa, miaka ile ya mwanzo ya sabini, naye kaletwa azalishe wanawake huku Kiarabu chake hakizidi salamu. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimerudi kutoka Unguja na shangazi yangu, nina Kiarabu cha chuoni na Kiswahili cha nyumbani. Nikaajiriwa niwe ulimi wake. Yeye anasema Kiswahili, mimi nasema Kiarabu, na mgonjwa analia kwa lugha tunayoijua sote.

Shangazi, aliyenilea, alikuwa mtu wa mjini Unguja, na aliamini kuwa Kiswahili kinaishia pale maji ya bahari yanapoishia. "Hicho cha rafiki yako kina vumbi," alikuwa akiniambia. "Maneno yake yote yamevaa viatu." Lakini alimpenda. Kila Alhamisi alimpelekea mkate wa kumimina, na Sista kila akimwona humwamkia shikamoo, ingawa walipishana miaka michache tu. Siku moja nikacheka. Shangazi akanikemea.

"Mwache aniamkie," alisema. "Huyu ana hamu ya kuwa mtoto wa mtu."

Asikudanganye mtu kwamba alikuwa mnyonge. Kazini alikuwa simba. Nakumbuka tuliitwa kijiji cha Al Qabil, kwa mwanamke aliyekuwa na uchungu tangu jana yake, na mumewe, mzee mwenye jambia kiunoni na ndevu za hina, amesimama mlangoni anasema mke wake hapandi gari kwenda kuzalia kwa Manasara, watu wa kanisa. Sista akaniambia, "Mwambie, kama anataka kumzalisha yeye mwenyewe, kwanza anawe mikono." Mimi nikamgeukia mzee, nikasema kwa Kiarabu kwamba Sista anakutakia afya njema wewe na watu wako wote. Sista akanitazama usoni.

"Hukumwambia," akasema.

Akaingia ndani mwenyewe, akarudi na beseni la maji na kipande cha sabuni, akaviweka chini miguuni pa yule mzee, akasimama mbele yake, mikono nyuma. Hapakuhitajika mkalimani. Mzee akalitazama beseni, akamtazama Sista, akapisha mlango. Mtoto alizaliwa ndani ya gari, kabla hatujafika njia kuu, na mzee yule alituletea tende kila msimu mpaka nilipoacha kazi.

Alikuwa na misemo yake ya kazi. "Mtoto hajui saa ya kazi" ni mmoja wao, aliusema kila tukiamshwa alfajiri. Lakini misemo ya watu wengine aliigombeza. Ukimwambia mvumilivu hula mbivu, atakujibu, "Mbivu zikikaa sana zinaoza. Mimi nimeona." Anasema bila kucheka, huku anachemsha mikasi yake.

Basi mtu huyohuyo, aliyewaondoa wazee wa jambia milangoni, alikuwa akiiogopa barua. Zilikuwa barua za misheni, nyembamba, za rangi ya buluu, zikija mara tatu au nne kwa mwaka. Ikifika, kwanza ananawa mikono. Halafu anaiweka mezani na kufanya kazi nyingine zote. Anaweza kuhesabu bandeji upya, zilizohesabiwa asubuhi. Jioni ndipo anaifungua, amesimama, na akimaliza kuisoma huwa ananiambia neno moja: "Wananiombea."

Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini kuombewa kulimtia huzuni namna ile. Ndoa yake alinihadithia vipande vipande, na mara nyingi vipande vilikuja huku mikono yake ina kazi. Kule mlimani, alisema, palikuwa na familia mbili za misheni, moja upande huu wa bonde na moja upande wa pili. Walipanda kahawa, wakajenga kanisa na skuli, wakazaa watoto. "Watoto wa Kizungu tulikuwa wanne," aliniambia. "Watatu tulikuwa sisi ndugu. Sasa niambie mimi ningeolewa na nani?" Nikacheka, naye akacheka. Alimpenda lakini huyo wa nne. Alisema alikuwa kijana anayepiga mluzi kwa meno, anayependa injini kuliko mahubiri, na Jumapili alikuwa akijificha chini ya gari la misheni na kusema limeharibika. Wakaoana. Baada ya miezi kumi na moja mume akashikwa na homa, mkojo ukawa mweusi, siku ya tano akafa. Sista alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Nilimpa pole. Akasema pole ni ya siku zile. Yaliyofuata hayana neno lake.

Maana hapo ndipo misheni ilipompata. Mume aliyejificha chini ya gari akageuzwa shujaa wa dini, na shujaa lazima awe na mjane. Wakija wageni kutoka ng'ambo, wale wanaotoa sadaka ya kujengea makanisa, Sista alisimamishwa mbele amevaa gauni la kijivu, na baba mkwe wake anasema, huyu ndiye mjane wetu. Picha yake ikachapishwa katika jarida la misheni. Watu asiowajua wakamwandikia kwamba wanalia kwa ajili yake. Kila mwaka, mwezi aliofariki mumewe, alitakiwa aliandikie jarida lile barua ya kumkumbuka, na kila mwaka aliiandika, hata alipokuwa Ibra. Mimi mwenyewe nilimwona akiiandika pale kwenye meza ya zahanati, ananyoosha mistari kwa rula.

"Mwaka huu amekufa akitabasamu," aliniambia siku moja, anapuliza wino ukauke. "Mwanzoni hakutabasamu. Alikuwa akilia anamtaka mama yake. Lakini kila mwaka wanataka awe mzuri kidogo kuliko mwaka jana. Sasa hivi anahubiri mpaka pumzi ya mwisho."

"Na wewe unaandika tu?"

"Naandika."

"Si uwaambie kweli?"

Akanitazama kama nimemwambia aruke kisimani. Nikamuuliza kama hakuna aliyemtaka tena, maana hata kwa umri ule alikuwa mwanamke wa kutazamika. Akasema alikuwapo mwalimu, alikuja mgeni kutoka ng'ambo, wakawa wanasoma pamoja barazani jioni. Wazee wa misheni hawakusema kitu. Baada ya miezi miwili mwalimu akahamishiwa kituo kingine, mwendo wa siku nne.

"Walikukataza?" nikauliza.

"Hapana. Hawakunikataza hata siku moja. Waliniombea."

Alikuwa na vitu vyake ambavyo sikuvipatia maana. Aliishi miaka kumi na mitatu katika nyumba ileile ya serikali bila ya kutundika pazia. Alibandika magazeti dirishani, na kila mwaka akasema mwakani naondoka, sina haja ya pazia. Aliogopa kuku. Alijua kutengeneza jenereta ya zahanati, na alipoitengeneza alikuwa akipiga mluzi kwa meno bila ya kujijua. Nadhifu kazini, nyumbani kwake vyombo vya juzi. Wanawake wa mji walimwambia siri ambazo hawakuwaambia dada zao, na siri hizo zote zilipita kinywani mwangu kwanza, kwa hivyo najua, na najua pia kuwa hakuitoa hata moja.

Halafu mimi mwenyewe nikafiwa. Nilikuwa nimeolewa mwaka wa tatu, sina mtoto, na mume wangu alikuwa akitoka Maskati na gari ya kazini kwake. Pale njiapanda ya Bidbid, penye kuachana njia ya Nizwa na ya huku kwetu, akagongana na lori. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Nikakaa eda nyumbani kwa Shangazi. Miezi minne na siku kumi: sitoki, sijipambi, sijitii manukato, sionani na mwanamume asiyekuwa maharimu wangu. Nisiseme uongo, ilikuwa kifungo. Chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta. Mwezi wa kwanza nililia, mwezi wa pili nilikasirika, mwezi wa tatu nikawa nahesabu nyufa za ukuta ule na kumchukia kila anayepita njiani ana pahala pa kwenda. Sista alikuja kila siku baada ya kazi. Anakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, ananieleza nani kazaa nini. Alikuwa akimuuliza Shangazi maswali mengi, na mimi nikadhani ni udadisi wa Kizungu tu.

"Na siku zikisha?" alimuuliza.

"Zikisha zimekwisha, mwanangu," Shangazi akasema. "Tunakuja wanawake, tunamkosha, tunamvisha, tunamfukiza udi, tunakula. Halafu khalas. Akitaka kuolewa ataolewa, asipotaka shauri yake."

"Hata watu wa mumewe hawana neno?"

"Neno gani? Haki yao ashawapa." Halafu Shangazi, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka, akamuuliza: "Na weye ulipofiwa ulikaa siku ngapi?"

"Kwetu hakuna siku."

"Hakuna?" Shangazi akaweka chini ungo aliokuwa akichagulia mchele. "Sasa alokutoa nani?"

Sista akafungua na kufunga mkoba wake. Shangazi akanigeukia mimi na kusema, mbele yake, kwa sauti ya mtu aliyeona kidonda cha mwenzake: "Masikini. Huyu yumo ndani bado."

Siku yangu ilipofika wakaja wanawake zaidi ya ishirini. Nilikoshwa, nikavishwa nguo mpya, nikatiwa hina, moshi wa udi ukajaa mpaka tukakohoa, na wakanicheka kwa jinsi nilivyonenepa kwa kukaa. Shangazi akanishika mkono akanivusha kizingiti, akasema, haya mwanangu, ushatoka. Nilipotazama nyuma nilimwona Sista amesimama uani karibu na tangi la maji, analia wazi, bila ya kujifuta, na wanawake wakasema masikini, kamkumbuka mumewe.

Nikaolewa tena baada ya miaka miwili, nikahamia Nizwa, nikapata watoto. Mume wangu wa pili ni mtu mwema, mtumishi wa serikali, anayependa mambo yake yawe kwa wakati, na jamaa zake ni watu wa heshima wanaopenda sana kujua nani kasema nini. Nikajifunza kuishi vizuri nao. Sista nilimwona mara mbili tatu kwa mwaka, nikija kumtazama Shangazi. Ndipo nikasikia habari za fundi wa visima.

Alikuwa Mzungu mwenzake, mjane naye, mwenye mitambo ya kuchimbia maji, akizunguka baina ya Mudhaibi na Ibra, uso mwekundu kwa jua. Alikuwa akimletea Sista nyanya ndani ya katoni. Anasimama mlangoni, haingii, anaongea nusu saa na kofia mkononi, anaondoka. Wanawake wote wa mtaa walikuwa wakimngoja kwa hamu kuliko Sista mwenyewe. Mwishowe Sista akaniambia mwenyewe kwamba fundi amemposa.

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia angoje."

"Angoje nini, Sista?"

"Angoje," akasema. Mwaka ukapita, ukaingia mwingine, na fundi wa visima akawa bado analeta nyanya. Misheni nao wakaandika kwamba mkataba wake wa serikali ukimalizika wamemwekea chumba katika nyumba ya wajane wao huko ng'ambo, nchi ambayo yeye aliwahi kuiona mara mbili tu. Shangazi akafariki mwaka huo. Sista alikuja maziko, akakaa na wanawake siku zote tatu, karibu na mlango.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Dereva wa zahanati, aliyekuwa na safari ya Nizwa, aliniletea karatasi yake, imeandikwa kwa Kiswahili: nije Jumatano, nisichelewe, na nije na wanawake wenzangu wakiweza. Dereva akasema Sista hajaonekana kazini kwa muda mrefu. Amechukua likizo zake zote za miaka ambazo hakuzitumia, amejifungia ndani, watu wanasema anaumwa. Nikaogopa. Nikamwomba mume wangu anipeleke, tukapinda Bidbid, tukafika Ibra baada ya alasiri. Yeye akabaki garini, akaniambia nisikae, tuna safari ya kurudi.

Sista akafungua mlango mwenyewe. Hakuwa mgonjwa. Nywele zake zilikuwa mbichi kwa maji, zimechanwa, na alikuwa amevaa gauni jipya la kijani, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Chumbani ametandika mikeka ya kuazima ukuta hadi ukuta. Pana sinia la halua, na chetezo cha udi kimetiwa makaa, hakijawashwa. Akatazama nyuma yangu.

"Wenzako wako wapi?"

"Nimekuja peke yangu. Kuna nini, Sista?"

"Leo ni siku ya mwisho," akasema. Alisema haraka, kama mtoto aliyehifadhi sura na anaogopa kuisahau. "Nimekaa miezi minne na siku kumi. Sikutoka. Sikujipaka kitu. Fundi wa visima nilimwambia asije, na hakuja. Nimefanya kila kitu kama ulivyofanya wewe. Kesho anakuja kuchukua jibu lake, na nataka kumjibu ndiyo, lakini siwezi nikiwa bado ni mjane wa watu. Shangazi yako angekuwa hai ningemwita yeye. Sasa uko wewe. Nitoe."

Nilisimama katikati ya ile mikeka. Nilielewa, naapa nilielewa papo hapo, na hofu ikanishika. Nilifikiri dini haichezewi. Nilifikiri wanawake wa mtaa nitawaambia nini, na habari ikifika Nizwa mama mkwe wangu atasema nini. Kupitia dirishani, pale gazeti lilipochanika, nilimwona mume wangu anatazama saa.

"Sista, eda haiko hivyo," nikasema. "Wewe si Muislamu. Na mumeo amekufa miaka thelathini."

"Thelathini na mitatu. Najua mimi si Muislamu. Siombi dini yenu. Naomba siku zenu."

"Watu watasemaje?" nikamwambia.

Nilimwona uso wake ukijifunga taratibu, akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono ile mikubwa magotini. Haikupita dakika akainuka na kuanza kukunja mkeka, mimi nikamsaidia upande wa pili, tukaukunja sawasawa kama tulivyokuwa tukikunja mashuka ya zahanati.

"Basi," alisema, "nitawaandikia misheni kwamba nakuja."

"Na fundi wa visima?"

"Nitamwambia hapana. Atapata mwingine, ni mtu mzuri." Akachukua lile sinia, akafunika halua kwa kitambaa safi, akanipa. "Wapelekee watoto. Itaharibika hapa."

Nikaipokea. Ningeweza kuvuka njia nikapiga hodi nyumba tatu tu, na ndani ya saa moja chumba kile kingejaa wanawake, maana wote aliwazalisha, na hakuna hata mmoja ambaye angeniuliza habari za sheria kabla ya kumfukiza udi. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale na sinia. Nikamkumbatia, nikamwambia safari njema, nikatoka.

Tulikuwa tumeshaipita Ibra mume wangu alipouliza Sista alikuwa anataka nini. Nikamwambia hakuna kitu, alitaka kuagana tu.